Tamko la balozi likikufikia, lisome hivi

Natafsiri habari za nje, mara nyingi zamu ya usiku, na aibu yangu kubwa kazini ilitokana na kitenzi kimoja. Balozi wa Marekani alisema nchi yake "ina wasiwasi" na hatua ya serikali ya Kosovo, nchi ndogo ya Ulaya iliyojitenga na Serbia. Mimi, saa nane usiku, nikaandika "yalaani". Mhariri alinipigia kabla kahawa haijapoa. Tangu siku hiyo nina utaratibu wangu.

Anza na ngazi. Wanadiplomasia hupanda daraja moja moja: wanafuatilia, wana wasiwasi, wana wasiwasi mkubwa, wanalaani, wanalaani vikali. Usimpandishe mtu ngazi wala usimshushe. Na kabla ya kuandika, jikumbushe hawa wawili ni nani kwa nani. Kosovo na Marekani ni marafiki wa kufa na kuzikana: NATO ilirusha mabomu siku 78 mwaka 1999 mpaka majeshi ya Serbia yakaondoka, Washington ikaitambua Kosovo Februari 18, 2008, siku moja tu baada ya kutangaza uhuru, na Pristina, mji mkuu wa Kosovo, kuna sanamu ya Bill Clinton ameinua mkono. Neno kali kati ya watu wa namna hiyo lina uzito wake.

Chukua Mei 26, 2023. Mwezi mmoja nyuma Waserbia wa kaskazini mwa Kosovo walisusia uchaguzi wa serikali za mitaa katika manispaa nne. Waliojitokeza hawakufika asilimia 4. Mameya Waalbania, ambao ndio wengi Kosovo, wakashinda, na polisi wakawaingiza maofisini kwa nguvu. Siku hiyo hiyo Antony Blinken, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, akatoa tamko. Kitenzi: analaani vikali. Anayelaumiwa: serikali ya Kosovo, kisha Waziri Mkuu Albin Kurti kwa jina lake. Piga mstari hapo, maana kutaja mtu kwa jina ni kumtenga na nchi yake. Halafu kuna maneno ambayo wengi waliyaruka: hatua hiyo ilichukuliwa kinyume na ushauri wa Marekani na washirika wa Ulaya. Kwa Kiswahili cha nyumbani: tulikwambia, hukusikia. Kwangu mimi hicho ndicho kiini cha tamko zima, na kimejificha katikati ya sentensi.

Sasa tafuta bei. Mei 29 wanajeshi takriban 30 wa KFOR, kikosi cha NATO cha kulinda amani Kosovo, walijeruhiwa katika vurugu za Zvečan, mji wa kaskazini, na kesho yake balozi wa Marekani Jeffrey Hovenier akatangaza kwamba Kosovo imeondolewa kwenye mazoezi ya kijeshi ya Defender Europe 23. Hapo ndipo habari ilipo. Maneno hayana gharama. Kilichoondolewa mezani kina gharama. Angalia pia kama kimeahirishwa, kimesitishwa au kimefutwa. Magazeti yetu huchanganya haya matatu kila siku.

Hesabu waliosaini. Pristina ina kundi la mabalozi watano liitwalo Quint: Marekani, Uingereza, Ufaransa, Ujerumani na Italia. Wakiwa pamoja, ni ukuta. Machi 2020 ukuta huo ulipasuka: Wafaransa na Wajerumani walitaka kura ya kutokuwa na imani na serikali ya Kurti isubiri, Wamarekani wakaiunga mkono kura hiyo. Serikali ikaanguka Machi 25, haijamaliza miezi miwili, na Kurti akamnyooshea kidole Richard Grenell, mjumbe wa Trump. Aliyekuwa akisubiri tamko la pamoja hakuona kitu, na kutoona kitu ndiyo ilikuwa habari yenyewe.

Jibu la nchi ndogo lisome kuanzia kwenye "lakini". Aya ya kwanza huwa shukrani tupu. Hoja ya Kurti ilikuwa nyepesi kueleweka: meya aliyechaguliwa kisheria akae wapi kama si ofisini? Chama chake kilipata zaidi ya nusu ya kura Februari 2021, na jina lake, Vetëvendosje, maana yake ni kujiamulia. Ulitegemea aseme nini? Ndiyo maana sipendi methali ya tembo na nyasi kwenye habari hizi. Hapa tembo hapigani na tembo mwenzake, anabishana na nyasi, na nyasi zina bunge na wapiga kura.

Jipime na hili. Septemba 12, 2025 ubalozi wa Marekani ulitangaza kusitisha bila kikomo mazungumzo ya kimkakati yaliyokuwa yamepangwa, ukilaumu vitendo vya serikali ya muda ya Kosovo. Kitenzi kipi? Nani analaumiwa? Nini kimeondolewa? Mimi niliandika "Marekani yasitisha mazungumzo ya kimkakati na Kosovo". Mhariri alitaka "yaicharukia". Tulibishana mpaka karibu alfajiri, na "yasitisha" ikabaki.