Somo: misimbo ya kushona majeraha, kwa tunaofanya bili za Marekani

Jamani, swali la kuchagua msimbo wa CPT (namba za Marekani za kudai malipo ya huduma za daktari) kwa jeraha lililoshonwa limenifuata hadi kwenye foleni ya feri Likoni. Nalijibu hapa mara moja. Atakayekuja inboksi nitamrudisha huku.

1. Soma ripoti ya daktari yote.

2. Tambua aina ya ushonaji. Rahisi (12001–12018) ni tabaka moja la juu. Ya kati (12031–12057) imeshonwa na tabaka za chini, au ni tabaka moja lakini jeraha lilikuwa chafu mno likahitaji kusafishwa sana. Ngumu (13100–13153) ni ya kati pamoja na jambo zaidi, mfano mfupa au kano kuwa wazi.

3. Sehemu ya mwili. Angalieni: kwenye rahisi, viganja viko kundi moja na kiwiliwili. Kwenye ya kati vinahamia kundi la shingo, 12041 kwenda mbele.

4. Urefu kwa sentimita.

5. Kujumlisha. Hapa ndipo madai yanaporudishwa bila kulipwa. Unajumlisha majeraha ya aina moja NA kundi moja, basi. Tuseme kioo kimemkata mtu paji la uso sm 3, shavu sm 2, kigasha sm 4, yote rahisi. Paji na shavu ni uso: sm 5, hiyo ni 12013. Kigasha ni 12002 peke yake, na modifaya 59, alama ya kuonyesha kuwa ni kazi tofauti. Ukiandika 12013 na 12011 kwa uso huo mmoja, umelitenga lisilotengwa. Ukijumlisha zote ziwe 9, umechanganya makundi. Na ya kati haijumlishwi na rahisi hata zikiwa mguu mmoja. Kwenye dai, ngumu zaidi huandikwa kwanza.

MASWALI

— Nyuzi saba ni msimbo gani?
— Hatua ya 4.
— Nimesoma, haisemi nyuzi saba.
— Kwa sababu nyuzi hazihesabiwi. Ripoti haina urefu? Mwandikie daktari. Usikisie.

— Shikamoo dada. Wakitumia gundi ya ngozi badala ya uzi?
— Marahaba mdogo wangu, umeuliza la maana. Gundi ni ushonaji rahisi, ila gundi pekee kwa mgonjwa wa Medicare, bima ya serikali ya Marekani, ni G0168. Vile vibandiko vyembamba vikitumika peke yake, hakuna msimbo wa kushona. Vinaingia kwenye ada ya kumwona daktari.

— Na kano ikikatika?
— Kuishona kuna msimbo wake, na kufunga jeraha kumo humo. Ufungaji ukiwa wa aina ngumu ndipo unauongeza, na modifaya 59.

— Naweza kutumia hii kwa madai ya SHA, bima ya afya ya hapa Kenya?
— CPT ni ya American Medical Association. SHA ina taratibu zake, zifuate hizo.

— Stima ikipotea mnafanyaje? Kwetu Kisauni ni kila mara.
— Data ya simu. Wi-Fi ya mkahawa usifungulie faili za wagonjwa, HIPAA hiyo, sheria ya Marekani ya siri za wagonjwa.
— Mimi nina betri ndogo ya ruta, inanifikisha mwisho wa zamu.
— Ya aina gani? Weka picha.