Jinsi ya kukusanya na kubadilishana kadi na stika mtaani bila kutapeliwa

Naanza na hesabu maana ndo inaeleza kila kitu. Albamu ya Panini (kampuni inayotoa stika za picha za wachezaji za kubandika kwenye albamu) ya Kombe la Dunia 2022 ilikuwa na stika 670, pakiti moja stika 5, kwa hiyo ukiwa na bahati ya ajabu unaijaza kwa pakiti 134. Haitokei hiyo. Kadiri albamu inavyojaa ndo unazidi kupata zilezile ulizonazo, na ukipiga hesabu ya mtu anayenunua tu peke yake bila kubadilishana na yeyote, kwa wastani inafika pakiti zaidi ya 900. Mia tisa! Ukijifungia ndani na pakiti zako utaumia mfukoni bure.

Kwa hiyo kabla ya pakiti ya pili tafuta wenzio. Watu watano sita wa mtaa mmoja wanatosha, sisi tunakutana Jumapili jioni barazani kwa jirani, wengine wana stika za mpira, wengine kadi za Pokémon, wachache za Yu-Gi-Oh (hizi mbili ni kadi za michezo ya katuni za Kijapani). Kila mtu anaandika namba anazotafuta na namba zilizojirudia, anapiga picha anatupia kwenye grupu la WhatsApp siku moja kabla, yaani mkikutana mnamalizana fasta badala ya watu kupekua kadi zote na vidole vina mafuta ya mihogo.

Kwenye Pokémon jifunze kusoma chini ya kadi. 4/102 maana yake kadi ya 4 kwenye seti ya kadi 102 (huyo ni Charizard, yule joka la moto, wa seti ya kwanza ya Kiingereza ya 1999, anatafutwa dunia nzima), afu kuna kialama: duara ni kadi ya kawaida, almasi ngumu kidogo kupata, nyota ni adimu. Ukiona namba ya kwanza imezidi ya pili sio kosa la kiwandani, hiyo ni adimu zaidi, usiitoe harakaharaka.

Feki zipo nyingi sana, hasa kwenye zile pakiti za bei ya kutupa. Chukua kadi unayojua ni orijino uiweke pembeni ya hiyo unayoitilia shaka, linganisha rangi ya bluu ya mgongoni, maandishi, na kama Pokémon imeandikwa na kile kimkwaju juu ya é. Halafu washa tochi ya simu nyuma yake, orijino ina utando mweusi katikati ya karatasi kwa hiyo mwanga unapita kidogo, feki nyingi zinang'aa kabisa kama karatasi ya daftari.

Bei usiangalie ile muuzaji anayoomba, mtu anaweza kuomba hata milioni. Angalia kwenye eBay, soko la mtandaoni, zile zilizokwisha kuuzwa, au Cardmarket, soko la kadi la mtandaoni, kwa bei za Ulaya, na uangalie kadi ya hali kama ya kwako, maana kona zikishalika zikawa nyeupe bei inaporomoka vibaya.

Na hili nalisema kwa uchungu. Mwaka jana dogo mmoja hapa mtaani alitoa kadi yake nzuri kuliko zote akapewa tano za kawaida na mtu mzima kabisa, mtoto kaona tano ni nyingi kuliko moja, kaja kujua baadaye akalia na hajarudi tena barazani mpaka leo. Tangu hapo tukaweka sheria, mtoto akibadilishana na mkubwa lazima mzazi au kaka yake awepo, na akighairi kabla ya Jumapili inayofuata kila mtu anarudishiwa chake bila maneno. Wekeni hiyo sheria siku ya kwanza kabisa, msisubiri kama sisi.

Kutunza: mpira wa noti usifunge kadi hata siku moja, unakata kingo. Huku pwani unyevu unapinda zile kadi zinazong'aa, kwa hiyo vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye boksi za viatu usitupe, tia kwenye kopo la kadi lenye mfuniko unaobana. Kava za plastiki nazo angalia saizi, Pokémon ni milimita 63 kwa 88, Yu-Gi-Oh ni ndogo, 59 kwa 86, ukiweka kwenye kava ya Pokémon inachezacheza humo ndani na kona zinagonga.