Kabla hujamtoa mtoto nje, jua anatafuta nini

Kwa miezi miwili nilikuwa namtoa nje mtoto wa miaka tisa kila alipotupa daftari. Nafundisha kitengo cha elimu maalumu hapa Chamwino, na nilidhani namwadhibu. Kumbe nilikuwa nampa alichokitaka: kivuli cha mwarobaini, na kuandika kumeisha.

Kwa hiyo mwalimu mwenzangu, kabla ya adhabu au zawadi, chora safu tatu kwenye daftari: kilichotangulia, alichofanya mtoto, kilichofuata papo hapo. Safu ya pili ndiyo huwashinda wengi. "Alikuwa mkorofi" hakumsaidii mtu. "Alitupa daftari, akaingia chini ya dawati", hilo hata mwalimu wa zamu akilishuhudia ataandika vilevile. Weka na saa. Mimi niligundua kwamba mwezi wa Februari, akiba ya mtama ikiwa imepungua majumbani, vurugu nyingi zilitokea kabla ya uji wa saa nne. Nikamwomba mpishi ampe kikombe chake mapema.

Njaa ilichochea, ila haikuwa yote. Tabia humletea mtoto kitu fulani: kuangaliwa, kupata anachokitaka, kukwepa jambo, au raha ya mwili wenyewe, kama kujitikisa. Katika siku tano nilihesabu matukio 14, na 11 yalianza nilipomwambia anakili ubaoni. Huyu alikuwa anakwepa.

Hapo ndipo lengo linapotoka. Usiandike "ataacha kutupa daftari", maana hujasema atafanya nini badala yake. Niliandika: "Akipewa kazi ya kuandika na akachoka, atainua kadi ya kupumzika mara 4 kati ya 5, kwa siku tano mfululizo." Carr na Durand, watafiti wa Marekani, walionyesha mwaka 1985 kwamba mtoto akifundishwa kuomba kile ambacho vurugu ilimpatia, vurugu hupungua. Kadi yangu niliikata kwenye boksi la sabuni. Mistari kumi ya kunakili nikaifanya mitatu. Kadi ikiinuka, anapumzika dakika mbili palepale, hata kama umekereka. Daftari likiruka, kazi inabaki mezani, nami namwonyesha kadi.

Siku za mwanzo alizidisha. Alitupa daftari, kalamu, hadi kiatu, na wenzangu ofisini wakaniambia niachane nayo. Usiachie hapo, mtoto anajaribu kwa nguvu zaidi njia aliyoizoea. Lakini kama anajiumiza au anaumiza wenzake, usiendelee peke yako, tafuta mtaalamu. Na mpeleke kwanza hospitali: jino au sikio linalouma nalo hutupa madaftari.

Mama yake nilimpa kadi ya pili, kwani nyumbani alikuwa anajitupa chini akitumwa maji. Sasa tuko kwenye mistari mitano, na vijiti vya kuhesabia bado navichora kila siku.