Somo: Namna ya kupima kama mgodi wa wazi unahatarisha maji ya visima

Nimechoka kuulizwa inbox "nipime nini kisimani?" Naandika mara moja. Mfano ni Kanda ya Ziwa, Geita hadi Tarime.

1. Chora ramani: shimo, rundo la mawe taka, bwawa la topesumu (tope la mabaki ya mgodi), visima vyote.

2. Pima kina cha maji kila kisima, ukitoe kwenye mwinuko wa mdomo wa kisima, ujue yanaelekea wapi. Mgodi ukivuta maji kukausha shimo, mkondo hugeukia shimoni na visima jirani hushuka.

3. Tafuta kisima cha kulinganishia, upande yanakotoka maji. Kanda hii miamba yenyewe ina aseniki, ile sumu. Usikimbilie kulaumu mgodi.

4. Sampuli. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Maji yaliyolala kwenye bomba siyo ya mwambani: vuta ujazo wa bomba mara tatu, pH (kipimo cha uasidi) itulie. Sampuli ya metali chuja kwanza (mikroni 0.45), NDIPO utie asidi ya naitriki. Ukitanguliza asidi, inayeyusha metali za kwenye tope na majibu yanapaa bure. Chupa ya sayanidi (sumu ya kuchenjulia dhahabu) USITIE asidi kamwe, inatoa gesi ya kuua. Hiyo inataka sodiamu haidroksaidi, pH ipite 12.

5. Maabara: salfeti, naitreti, aseniki, sayanidi.

6. Rudia masika na kiangazi.

MASWALI

– Mkuu, kwa kifupi nipime nini?
Namba 5.

– Maji yetu yanang'aa, gharama ya nini?
Aseniki haina rangi wala ladha. Kikomo ni miligramu 0.01 kwa lita. Jicho halioni hiyo.

– Kwa nini salfeti imetangulia metali?
Swali zuri, dada. Mawe yenye pairaiti (madini ya chuma na salfa) yakipata hewa na mvua hutoa asidi ya salfuriki. Mwamba wenye chokaa huizima asidi, metali nyingi zinanasa njiani, ila salfeti husafiri na maji. Ikianza kupanda, ufuatilie mgodi mapema.

– Naitreti imepanda. Baruti?
Huenda, baruti ya mgodi huacha naitreti. Ila choo nacho huitoa. Choo cha shimo kiko mita ngapi kutoka kisimani?

– Kumi hivi.
Anza na choo.

– Nikichemsha, aseniki inaisha?
Hapana. Maji yanapungua, yenyewe inabaki.

– Nyongeza: chupa ziandikeni kwa penseli. Wino unafutika kwenye barafu.
Kweli kabisa, na lebo ifunikwe na selotepu.