Kifaransa cha Kibirizi kikupe krediti za chuo: hatua kwa hatua

Nafundisha Kifaransa hapa Kigoma Mjini, na wanafunzi wangu wengi wananijia wakiwa tayari wanakizungumza. Wamekiokota Kibirizi, bandari ndogo ya hapa kwetu Ziwa Tanganyika, kwenye boti za Uvira na Kalemie za Kongo, kwa jirani Mrundi, au kwa bibi aliyesomea Bujumbura. Wanapatana bei ya mawese kwa Kifaransa bila kukwama. Kisha mtu huyohuyo anajiunga na chuo cha nje, anaambiwa lugha ya kigeni ni lazima, anakaa muhula mzima akifundishwa "bonjour" na analipia kila saa. Inaniuma sana, kwa sababu vyuo vingi, hasa vya Marekani, vinakubali mtihani wa umahiri wa lugha badala ya kozi. Njia ni hii.

Hatua ya 1: Kiulize chuo kabla hujatoa hata shilingi

Mwandikie msajili barua pepe, na akujibu kwa maandishi. Jibu la simu halitakusaidia baadaye. Muulize mtihani gani wanaukubali, alama ngapi, na kwa alama hizo unapata nini hasa.

Hilo la mwisho ndilo linalowaponza watu. Kuna cheti cha kukuingiza chuoni: vyuo vya Ufaransa, kwa mfano, kwa kawaida hutaka ngazi ya B2 (ya nne kati ya sita za umahiri wa lugha, A1 hadi C2) ndipo usome shahada ya kwanza kwa Kifaransa. Huko ni kufunguliwa mlango tu. Kuna kusamehewa somo: hukai darasani, lakini krediti za somo lile utazifidia kwa somo jingine. Na kuna krediti zenyewe, zinazoingia kwenye rekodi yako na kupunguza masomo ya kulipia. Mwanafunzi wangu mmoja, binti wa Kibirizi, alifaulu vizuri kisha chuo kikampa msamaha tu. Alikuwa ameuliza "mnakubali mtihani huu?" wakamjibu ndiyo. Hakuuliza wanaukubali kwa lipi. Kosa lilikuwa langu pia, maana sikumwelekeza, na tangu siku hiyo hakuna anayelipia mtihani kabla sijaisoma barua ya msajili.

Usichanganye hesabu pia. Kwetu Tanzania krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na shahada ya miaka mitatu ina krediti 360. Marekani shahada ya kwanza kwa kawaida ni krediti 120, na kozi moja mara nyingi ni krediti 3. Kwa hiyo ukisikia krediti 6 za Marekani usizidharau: ni kozi mbili nzima.

Hatua ya 2: Chagua mtihani

Kwa Kifaransa, miwili ndiyo nakutana nayo zaidi.

CLEP ni wa College Board, shirika la mitihani la Marekani. Alama zake ni kuanzia 20 hadi 80. Baraza la elimu la Marekani, ACE, linapendekeza krediti 6 kwa aliyepata 50, na 9 kwa aliyefika 59, ila kila chuo kina uamuzi wake. Mtihani wa Kifaransa wa CLEP unapima kusikiliza na kusoma tu. Huandiki insha. Kwa mtu aliyejifunza lugha kwa sikio, hiyo ni nafuu kubwa. Shida yake ni kituo, kwa hiyo tafuta kwanza kwenye orodha ya College Board utaufanyia wapi.

DELF hutolewa kwa jina la wizara ya elimu ya Ufaransa, ngazi A1 hadi B2; juu yake iko DALF, C1 na C2. Cheti chake hakiishi muda. Unapima mambo manne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, kila kimoja alama 25. Kufaulu ni 50 kwa 100, lakini ukipata chini ya 5 kwenye sehemu moja umefeli mtihani wote, hata kama umezungumza kama aliyezaliwa Paris.

Kiswahili chako nacho ni mali. Marekani kuna mahojiano ya mdomo yaitwayo OPI, ya ACTFL, baraza la ufundishaji wa lugha za kigeni; huchukua hadi dakika 30 hivi kwa simu, na Kiswahili kimo. Ila uliza kwanza, kwa sababu vyuo vingine havitoi krediti kwa lugha uliyokua nayo.

Hatua ya 3: Jipime kwa saa

France Éducation international, taasisi ya Ufaransa inayosimamia DELF, wameweka mifano ya mitihani ya DELF mtandaoni bure. Chapisha wa B1, zima simu, weka saa mezani. Sehemu ya kuandika ni dakika 45, maneno yasiyopungua 160. Ukiimaliza bila kuhema, jaribu B2: saa moja, maneno 250. Matokeo hayo ndiyo yachague ngazi, wala usiangalie unavyosifiwa bandarini.

Hatua ya 4: Ziba matundu

Hapa ndipo kazi ilipo, na matundu ya watu wa Kigoma nayajua kwa majina.

La kwanza ni namba. Wakongo na Warundi husema *septante* kwa 70 na *nonante* kwa 90, na ni Kifaransa halali. Ufaransa wanasema *soixante-dix* na *quatre-vingt-dix*. Yule binti alisikia *quatre-vingt-dix-sept* kwenye zoezi akaandika "80 17". Alipoinua kichwa, sauti ilikuwa imeshafika sentensi ya tatu. Ni 97, yaani 80 jumlisha 17. Sikiliza redio ya RFI kila siku na uandike kila namba inayotajwa, wiki tatu mfululizo.

La pili ni maandishi. *Parler, parlé, parlez*: sikio halioni tofauti, kalamu inaiona. Wengi huandika *j'ai parler*. Dawa yake ni kuweka *vendre* (kuuza) mahali pa kitenzi chako. Ungesema *j'ai vendu*? Basi andika *j'ai parlé*. Ungesema *je vais vendre*? Basi ni *je vais parler*. Mtu aliyeuza dagaa kwa Kifaransa hasahau *vendre*.

La tatu ni heshima. Bandarini kila mtu ni *tu*, "wewe" ya kirafiki. Kumwandikia mkurugenzi *tu* ni sawa na kumwamkia mzee "mambo vipi" badala ya shikamoo. Barua rasmi ni *vous*, ile ya heshima, mwanzo hadi mwisho, na ina namna yake ya kuaga: *Veuillez agréer, Madame, l'expression de mes salutations distinguées.* Ikariri hivyo ilivyo.

Andika ukurasa mmoja kila siku na umpe mtu aliyesoma Kifaransa shuleni akusahihishie. Wapo wengi hapa mjini, hasa waliotoka ng'ambo ya ziwa.

Hatua ya 5: Jiandikishe

DELF hufanyika Alliance Française Dar es Salaam kwa vipindi maalumu, hivyo uliza tarehe mapema. Majina yafanane herufi kwa herufi na pasi na cheti cha kidato cha nne. Kutoka kwetu hadi Dar ni zaidi ya kilomita 1,200. Fika siku mbili kabla, usije ukaingia chumba cha mtihani na vumbi la safari. Mwenye pasi aulize pia Institut français ya Bujumbura, kwa kupitia Manyovu ni karibu zaidi.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Mazungumzo ya B2 yana dakika 30 za kujiandaa. Andika hoja tatu na mfano mmoja kwa kila hoja, si sentensi nzima, la sivyo utasoma karatasi badala ya kuongea.

Hatua ya 7: Fuatilia

Baada ya DELF utapewa kwanza hati ya kufaulu. Cheti chenyewe huchukua muda. Peleka nakala kwa msajili, asili baki nayo. CLEP hutuma alama moja kwa moja chuoni ukiagiza. Kisha fungua rekodi yako ya masomo, tafuta mstari wa Kifaransa, hesabu krediti. Kama hazipo, rudi kwa msajili na ile barua pepe ya Hatua ya 1.