Kupiga picha Ziwa Singidani wakati wa kipupwe: wahi kabla ya upepo

Kati ya Juni na Agosti anga ya Singida huwa safi, mvua hakuna, na jua la asubuhi huyapiga mawe makubwa ya ufukweni kwa ubavu. Kinachoharibu kazi ni upepo wa kusini-mashariki. Maji yakishavurugika, taswira ya mawe na anga majini inapotea, unabaki na kijivu kitupu. Kwa hiyo hatua za hapa chini zinafuata upepo kwanza, mwanga baadaye. Zinafaa pia Ziwa Kindai, upande wa pili wa mji, na bwawa la Hombolo kwa walioko Dodoma.

Maelekezo mengi ya kupiga maziwa ya nyanda za juu majira ya baridi yameandikwa kwa watu wenye theluji na barafu. Singida iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Alfajiri joto hushuka chini ya nyuzi 15, lakini maji hayagandi na betri haiishi haraka kwa sababu ya baridi. Vaa koti, basi. Somo moja tu la theluji linatuhusu, nalo liko hatua ya 5.

Hatua ya 1: Kagua ufukwe jioni ya kuamkia siku ya picha

Upepo ukitoka kusini-mashariki, maji yaliyotulia yatakuwa karibu na ufukwe ambako upepo unatoka nchi kavu kuingia ziwani. Hapo viwimbi havijapata nafasi ya kukua. Ufukwe wa ng'ambo, upepo unakoishia, ndio wenye mawimbi makubwa kuliko kote. Kwa Singidani hii ni bahati, maana upande wa mjini ndio upande wa kusini, na ukisimama huko unatazama kaskazini.

Fungua dira ya simu. Juni na Julai jua halichomozi mashariki kamili. Linasogea kaskazini kwa digrii zaidi ya 20. Ukitazama kaskazini-magharibi, jua litakuwa kulia kwako na mawe yatapata mwanga upande mmoja na kivuli upande mwingine. Tafuta jiwe kubwa linalokinga upepo. Ukanda wa maji tulivu wa mita 4 au 5 mbele yake unatosha kabisa, kama kamera itakaa chini.

Usitegemee sehemu uliyoijua mwaka jana. Ziwa hili halina mto unaotoka, kwa hiyo ukingo wake husogea kulingana na mvua, na palipokuwa na maji unaweza kukuta tope lenye ukoko wa chumvi juu. Ukoko huo unaonekana mgumu, lakini mguu unazama.

Hatua ya 2: Panga saa

Julai jua linachomoza Singida kama saa 12 na dakika 50 asubuhi. Tripodi iwe imesimama ifikapo saa 12 na robo. Kutoka Dodoma ni kilomita 240 hivi, kwa hiyo lala Singida.

Sababu ya kuwahi hivyo ni hii: usiku ardhi inapoa, hewa iliyo karibu nayo inakuwa nzito na kutulia, na upepo unapita juu yake. Jua likishapasha ardhi, hewa inaanza kupanda na kushuka, na ule upepo wa juu unateremka hadi majini. Siku nyingi, kufikia saa 2 au 3 maji kuwa kama kioo kumekwisha.

Dakika kumi na tano hivi kabla ya jua, geuka uangalie magharibi. Utaona ukanda wa waridi, na chini yake bluu iliyokolea, ambayo ni kivuli cha dunia yenyewe angani. Wengi wanaukosa kwa kukodolea macho mashariki.

Hatua ya 3: Simamisha tripodi isitikisike

Fungua kwanza vipande vinene vya miguu. Vile vyembamba vya mwisho viache ndani kama unaweza. Nguzo ya katikati usiipandishe. Mguu mmoja uelekee ziwani, miwili iwe upande wako. Kwenye tope weka bapa la ubao chini ya kila mguu, kisha ukandamize na kusubiri dakika moja, kwa kuwa tripodi inayozama taratibu hutoa picha isiyo kali na hutajua kwa nini.

Vua mkanda wa kamera, kwa sababu ukipepea unatikisa kila kitu. Begi ukilining'iniza katikati, liguse ardhi ili lisibembee. Zima kitulizaji cha lenzi (kinachopunguza mtikiso wa mkono), tumia taima ya sekunde 2.

Hatua ya 4: Shusha kamera, kisha weka fokasi

Maji hurudisha mwanga kulingana na pembe unayoyatazama. Ukiyatazama wima kutoka juu, yanarudisha kama asilimia 2 tu na utaona tope la chini. Ukiyatazama kwa mlazo, karibu yote yanarudi. Ndiyo maana mtu aliyesimama haoni taswira nzuri, na aliyechuchumaa pale pale anaiona. Anza na kamera sentimita 40 juu ya maji. Anayetumia simu aigeuze juu chini, lenzi iwe karibu na maji.

Fokasi inawachanganya hata wazoefu. Taswira ya kilima kilicho mbali haikai juu ya uso wa maji. Kwa lenzi, umbali wake ni ule ule wa kilima. Ukiweka fokasi kwenye jani linaloelea, taswira inaweza kufifia. Kwa lenzi ya mm 24 kwenye kamera ya fremu kamili (yenye sensa kubwa, mm 36 kwa 24), apecha (tundu la lenzi) f/11, fokasi ikiwekwa mita 2, kila kitu kuanzia mita 1 hivi hadi upeo wa macho kitakuwa kikali. Usikimbilie f/22, tundu dogo zaidi: picha nzima inalegea, na vumbi lote la kiangazi lililo kwenye sensa linajitokeza angani.

Hatua ya 5: Mwanga

ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) iwe 100, faili ghafi la RAW. Nusu saa kabla ya jua, kwa f/8, anza na sekunde 8. Jua linapochomoza utakuwa umefika karibu 1/30 ya sekunde. Hizo ni namba za kuanzia tu, histogramu, yaani grafu ya mwanga kwenye skrini ya kamera, ndiyo iamue.

Penye ukoko mweupe wa chumvi kipima mwanga cha kamera kinadanganyika kama kinavyodanganywa na theluji: kinaona weupe, kinatia giza, chumvi inatoka ya kijivu. Ongeza theluthi mbili ya stopu hadi stopu moja (stopu moja ni mwanga maradufu). Kwenye simu, shikilia kidole mpaka mwanga ujifunge, kisha upandishe kidogo.

Filta ya polaraiza, ile inayokata mng'ao, iache mfukoni. Inakata ile taswira uliyoamkia alfajiri, inakula stopu 1 hadi 2, na ukitazama kaskazini-magharibi uko karibu digrii 90 kutoka kwenye jua, hivyo lenzi pana itatoa anga yenye doa jeusi upande mmoja. Filta ya nusu giza (nusu ya juu nyeusi, ya chini angavu) ni sawa, ila taswira majini isizidi mwanga wa anga yenyewe. Jicho linakataa picha hiyo mara moja, hata la mtu asiyejua filta ni nini. Kanuni hiyo uibebe hadi kwenye kompyuta unapohariri.

Hatua ya 6: Upepo ukishafika

Filta nyeusi ya stopu 10 hugeuza 1/60 ya sekunde kuwa sekunde 17. Maji yatalainika na rangi zitajitandaza, lakini taswira ya jiwe haitarudi. Hiyo ni picha ya aina nyingine, nayo inahitaji umbo kali la jiwe mbele ili isiwe ukungu mtupu. La sivyo, badilisha lenzi ukiwa umeupa upepo mgongo, kamera ikiangalia chini ndani ya begi, uwafuate ndege.

Heroe wakiwepo, tumia lenzi ya mm 400 au zaidi na kasi ya 1/1000 ya sekunde wakiruka. Wakiinua shingo wote kwa pamoja na kuanza kutembea, umeshawakaribia mno, rudi nyuma. Droni isirushwe bila kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga. Na ukikuta wazee ufukweni, shikamoo kwanza, kamera baadaye. Asiyetaka kupigwa picha hapigwi.

Hatua ya 7: Kabla hujalala

Chumvi ya Singidani hula alumini na kukwamisha vifungio. Fungua miguu yote ya tripodi, suuza kwa maji ya bomba, ianike ikiwa wazi. Lenzi ipulizwe vumbi kwanza kwa pampu ya mkono, ndipo ifutwe. Ukianza na kitambaa, chembe za chumvi zitakwaruza kioo.