Kuuchunguza Uislamu Ukitokea Kwenye Ukristo

Anayetoka kanisani na kuugeukia Uislamu anafika na maneno mengi aliyokwisha kuyajua: Mungu, malaika, manabii, sala, kufunga, zaka, Masihi. Hiyo ni faida kubwa, na ndiyo inayopoteza wengi, kwa sababu neno ni lilelile ila mzigo ulio ndani si ule. Asipolifungua atadhani ameelewa. Mwongozo huu ni wa kuchunguza, si wa kusilimu. Kusilimu kwenyewe hakuchukui hata dakika mbili, na ndiyo maana kazi yote inatakiwa ifanyike kabla.

Anza na ulichokiacha

Andika kwenye karatasi sababu zilizokutoa. Usiandike "sikuiona tena maana yake", litaje jambo lenyewe. Kisha kila sababu uiulize: je, Uislamu unalikataa jambo hili, au nao unalishika?

Kama kilichokushinda ni Utatu, jibu ni la wazi. Sura ya 112 ya Qur'ani ina aya nne tu na inasema Mungu ni mmoja, hakuzaa wala hakuzaliwa. Aya ya 171 ya sura ya 4 inawaambia Watu wa Kitabu, yaani Wayahudi na Wakristo, wasiseme "watatu". Kama ni kufa kwa mmoja kwa dhambi za wengine, aya ya 164 ya sura ya 6 inasema hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwenzake. Dhambi ya asili haimo: Adamu alitubu, Mungu akaipokea toba yake (2:37).

Lakini kama ulichoshindwa kukikubali ni Jehanamu, miujiza, kuzaliwa kwa Isa (Yesu) bila baba, siku ya hukumu au wazo la kitabu kisichokosea, vyote hivyo utavikuta msikitini, na vimeshikwa kwa nguvu. Kama ni tabia za viongozi wa dini, nako kuna binadamu. Ukurasa huu ukiuandika kwa unyofu unaweza kukuokolea mwaka mzima, kwa sababu mtu anayeuchukua Uislamu kama njia ya kulikomoa kanisa huishiwa na nguvu hasira ikipoa.

Maneno yenye sura mbili

Chukua "sala". Kwa Mkristo, kusali ni kuzungumza na Mungu kwa maneno yako, popote, wakati wowote. Mwislamu naye ana hilo, ila analiita dua. Swala ni kitu kingine: ina nyakati tano, ina udhu (kunawa viungo) kabla yake, ina kibla (kuelekea Makka), ina visomo vya Kiarabu na mpangilio wa kusimama, kurukuu, kusujudu na kukaa. Kila mzunguko mmoja wa vitendo hivyo huitwa rakaa: Alfajiri ni rakaa 2, Adhuhuri 4, Alasiri 4, Magharibi 3, Isha 4. Jumla 17 za faradhi kwa siku. Ukiulizwa kama umeswali ukajibu "ndiyo" ukiwa na maana ya kuomba, hamjaelewana.

"Zaka" ndiyo inayochanganya kuliko yote. Katika Biblia ya Kiswahili neno hilo ni fungu la kumi. Katika Uislamu, kwa fedha, ni asilimia 2.5, yaani sehemu moja ya arobaini. Haikatwi kwenye kila pato bali kwenye mali iliyofikia kiwango kiitwacho nisabu na ikazungukiwa na mwaka wa Kiislamu. Nisabu ya dhahabu hukadiriwa kwa gramu 85. Asiye na kiwango hicho hadaiwi zaka, ingawa anaweza kutoa sadaka.

Mengine kwa haraka. Saumu ni kuacha chakula, maji na tendo la ndoa toka alfajiri mpaka jua lizame. Hakuna saumu ya kunywa maji. Injili katika Qur'ani ni ufunuo aliopewa Isa, si vitabu vinne vya Mathayo, Marko, Luka na Yohana. Roho Mtakatifu, kwa wafasiri wengi, ni malaika Jibrili (Gabrieli). Masihi ni cheo cha Isa hukuhuku, bila maana ya uungu. Imamu huongoza swala lakini hana mamlaka ya kusamehe dhambi wala sakramenti ya kutoa. Toba ni baina yako na Mungu. Na "kuokoka" hakuna neno linalokaa mahali pake: Mwislamu hasemi ameshaokoka, anaishi kati ya hofu na matumaini.

Kuisoma Qur'ani bila kukwama

Wengi hufungua ukurasa wa kwanza wakitegemea kitabu kama Mwanzo, wanaingia Al-Baqara, sura ya 2, yenye aya 286 na kukwama humo. Qur'ani haikupangwa kwa historia. Ufunuo ulianza mwaka 610 na kuendelea kwa takriban miaka 23 hadi Mtume Muhammad alipofariki mwaka 632, lakini sura zake 114 zimepangwa kwa sehemu kubwa ndefu mbele na fupi nyuma. Aya zinazohesabiwa kuwa za kwanza kuteremka zimo sura ya 96.

Anza na Yusuf, sura ya 12, aya 111, kwa kuwa ni kisa kimoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Soma Mwanzo 37 hadi 50 siku hiyohiyo, ukiruka sura ya 38, ambayo ni kisa kingine. Utaona shati lililochanwa kwa nyuma likigeuka ushahidi wa kutokuwa na hatia, jambo ambalo Mwanzo haina. Kisha nenda Maryam, sura ya 19, aya 98: anajifungua peke yake penye shina la mtende, hakuna Yusuf seremala wala hori, na mtoto mchanga anazungumza kumtetea mama yake. Baada ya hapo soma aya za 33 hadi 64 za sura ya 3, na aya za 110 hadi 120 za sura ya 5. Aya ya 157 ya sura ya 4, inayosema hawakumuua wala hawakumsulubu, iache mpaka uwe umezipitia hizo. Watu huanzia hapo kwa sababu ya mabishano, nayo ni aya ngumu hata kwa wafasiri wenyewe.

Halafu soma sura fupi za juzuu ya 30, fungu la mwisho la Qur'ani, na mwisho ndipo urudi Al-Baqara. Nusu saa kwa siku inatosha. Angalia kila sura imeandikwa ni ya Makka au ya Madina: za Makka husisitiza zaidi Mungu na akhera, na za Madina, baada ya hijra (kuhama kwa Mtume kutoka Makka) ya mwaka 622, ndimo ilimojaa sheria, vita na mikataba. Uwe na kitabu cha sira, maisha ya Mtume, pembeni; bila hicho utasoma amri za vita bila kujua vita gani.

Mtazame mfasiri pia. Tafsiri ya Kiswahili ya mwaka 1923 ilifanywa na mmisionari wa Kianglikana, Godfrey Dale. Ya 1953 ni ya Waahmadiyya, kundi ambalo Waislamu wengi hawakubaliani nalo. Ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, iliyotoka kamili mwaka 1969, ni ya mwanachuoni wa Kisunni (tawi la Waislamu walio wengi), na baadhi ya maelezo yake yanawajibu Waahmadiyya. Kila moja ina mkono wa mwandishi wake kwenye maelezo ya chini. Waahmadiyya pia huihesabu Bismillahi, maneno yanayofungua sura, kuwa aya ya kwanza, hivyo namba zao husogea kwa moja. Aya usiyoiona uliyoelekezwa, tazama inayofuata kabla ya kumtilia shaka aliyekuelekeza.

Kwenda msikitini

Misikiti mingi humpokea mgeni asiye Mwislamu, ila eneo takatifu la Makka haruhusiwi. Toa taarifa mapema, uulize mlango na eneo la wanawake kama wewe ni mwanamke. Vaa nguo pana: mwanamume afunike toka kitovu hadi magoti angalau, na suruali ndefu ni bora, mwanamke afunike mwili wote isipokuwa uso na viganja, na kichwa pia. Vua viatu, zima simu, keti nyuma. Usipite mbele ya anayeswali. Si lazima ufuate vitendo, na hakuna atakayekutazama vibaya ukikaa kimya.

Ziara ya kwanza iwe siku ya kawaida, Magharibi au Isha. Ijumaa kuna watu wengi na hotuba, na wakati wa hotuba hata kumwambia jirani "nyamaza" kumekatazwa, kwa hiyo hutapata wa kukueleza chochote. Ukienda Ijumaa, jua kwamba swala ni rakaa 2 badala ya 4 za Adhuhuri.

Utaona mmoja amefunga mikono kifuani, mwingine ameiachia. Usihitimishe kwamba mmoja amekosea. Sunni wana madhehebu manne ya fiqhi (elimu ya sheria za dini), Hanafi, Maliki, Shafii na Hanbali. Pembeni yao yapo matawi mengine, Shia na Ibadhi. Mwalimu wako akikujibu, muulize: hili ni Qur'ani, ni hadithi (mapokeo ya maneno na matendo ya Mtume), au ni rai ya wanachuoni? Anayeweza kukutenganishia hayo matatu ana elimu. Anayekasirika ukiuliza, tafuta mwingine. Na mijadala ya kushindanisha Biblia na Qur'ani iepuke kwa sasa: inafundisha kushinda, haifundishi kuabudu.

Kujaribu kwa mwili

Kwa wiki mbili, simama nyakati zote tano, dakika kumi kila moja, umwombe Mungu kwa lugha yako. Alfajiri ndiyo itakayokupa kipimo cha kweli. Funga siku moja kamili, isipokuwa wewe ni mgonjwa, mjamzito au unatumia dawa za kila siku. Imani hii inaishi ndani ya ratiba, na ratiba hiyo hutaijua kwa kuisoma.

Yanayofichwa na pupa

Haya yaulize kabla, hata kama wanaokupenda wanaona ni mapema. Ndoa: mwanamume akisilimu anaweza kuendelea na mke Mkristo, lakini mwanamke akisilimu na mumewe akabaki Mkristo, wanachuoni wengi husema ndoa haiendelei baada ya eda (muda wa kungoja wa mwanamke), na wengine leo wana rai tofauti. Urithi: kwa fiqhi ya walio wengi, Mwislamu na asiye Mwislamu hawarithiani, wasia ni njia mojawapo ya kulishughulikia hilo. Kutoka: fiqhi ya kale iliweka adhabu ya kifo kwa anayeritadi, yaani anayeuacha Uislamu, wanachuoni wengi wa leo wanaipinga, wakisimama juu ya aya ya 256 ya sura ya 2 kwamba hakuna kulazimishana katika dini, na sheria za nchi zinatofautiana. Familia yako waeleze mwenyewe, wasilisikie kwa jirani.

Kubadili jina si sharti, ila kama lina maana inayopingana na imani. Tohara nayo haiwi kizuizi cha kusilimu.

Ukifika pa kuamua, maneno ni haya: *Ash-hadu an la ilaha illa Llah, wa ash-hadu anna Muhammadan rasulu Llah*, nakiri hapana mola ila Allah, na nakiri Muhammad ni Mtume wa Allah. Yaelewe kwanza, uyatamke ukiyakusudia. Mashahidi wanahitajika kwa ajili ya cheti, wala si kwa Mungu. Koga josho (mwili mzima), ujifunze Fatiha, sura ya kwanza ya Qur'ani, aya saba, hata ukisoma karatasini mwanzoni. Swala za miaka iliyopita hudaiwi. Unaanza na ile ambayo wakati wake umekukuta.